Vikombe Sita vya Bernadina

Ndola, Zambia
Jumanne, 15 Julai 2025

Muuguzi Sauda,

Marahaba. Leo ni miaka arobaini na sita na miezi minne tangu niondoke Endagikot. Nahesabu kuanzia asubuhi moja ya ukungu, Machi 1979, dada yangu Bernadina aliponisindikiza hadi barabarani akiwa amejitwika sanduku langu la bati, kwa sababu alisema mwanaume akianza safari na mzigo kichwani atabeba mizigo ya watu maisha yake yote. Nilikuwa naenda kuwa muuguzi wa zahanati ya reli. Reli ikanifikisha huku, nami nikabaki. Miaka ishirini na miwili ya mwisho nilifanya kazi katika nyumba ya wazee ya mji huu. Wengi wao walikuwa wachimba shaba wa zamani ambao ndugu zao walikuwa wamesahau njia ya kuwafikia. Nakueleza haya ili ujue unaandikiana na nani.

Simu siisikii vizuri siku hizi. Ninaandika kwa mkono, na binti yangu Mulenga anaipiga picha karatasi na kukutumia. Yeye hasomi Kiswahili, kwa hiyo nawe andika bila kuficha.

Unasema kwamba tangu tope la Mlima Hanang lichukue nyumba ya dada yangu pale Jorodom, pamoja na mwanawe Isidori, Desemba ile ya 2023, amekuwa mnyonge lakini mwenye akili timamu. Kwamba kwa siku kumi sasa analala mchana kutwa, anazungumza na Isidori, na juzi alikuita wewe "mama". Kwamba hapo kwenye makao yenu ya wazee wote mnaamini huzuni imemrudia, na kwamba akiniona mimi, mdogo wake pekee aliyebaki, atainuka. Unaniomba nije.

Kabla ya habari ya safari, nijibu haya leo hii. Mkojo wake una rangi gani? Usiniambie "wa kawaida", nenda ukautazame. Ulimi wake umelowa au una nyufa? Ukimkalisha kitandani anaona kizunguzungu? Mapigo ya moyo ni mangapi? Usifinye ngozi ya mgongo wa mkono, maana ngozi ya mzee husimama hata kama ametoka kumaliza mtungi mzima. Finya kifuani, chini ya mtulinga. Kisha niambie kwa siku anakunywa nini na kiasi gani.

Huzuni ya mwaka na nusu hainyanyuki ghafla ndani ya siku kumi. Inawezekana, lakini tuanze na kilicho karibu. Akiwa macho na anameza, mpe maji yenye chumvi ya pakiti, kijiko kwa kijiko, bila haraka. Akiwa amelegea hawezi kumeza, usimmiminie kinywani, yataingia mapafuni. Mpeleke hospitali, wala usisubiri barua yangu.

Wolfgang Sulle


Katesh, 16 Julai 2025

Mzee Wolfgang, shikamoo.

Nitasema ukweli, barua yako ilinichoma kidogo. Nilikuandikia habari za dada yako anayelilia watu wake, nawe ukaniuliza rangi ya mkojo. Mimi ni mtoto wa muuza duka wa Dongobesh, nyumbani tulifundishwa kwamba mtu akiletewa habari ya mgonjwa kwanza anasema pole. Lakini nilikwenda kutazama.

Ni kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Umepatikana kidogo sana, chini ya nusu kikombe, tangu asubuhi. Ulimi mkavu, umepasuka katikati. Mapigo ya moyo 112. Presha 94 kwa 56, na tulipomkalisha alisema nyumba inazunguka, akanishika kwa nguvu kama mtu aliye juu ya mti. Ngozi ya kifuani nilipoifinya ilichelewa kurudi.

Hapo nikaenda kuchukua fomu yake ya vinywaji, maana tunazo, kila mzee na yake. Mzee wangu, fomu imejaa. Vikombe sita kila siku, wiki mbili mfululizo, hakuna pengo. Ndiyo maana hatukuwaza maji hata mara moja. Tena ni Julai, upepo wa mlimani unakata masikio, wazee wanakaa na mablanketi mawili. Sista Justina, mkuu wetu, alisema kukaukiwa ni mambo ya Oktoba. Na hapa Katesh, baada ya lile tope, mtu wa Jorodom akinyamaza tunajua amenyamazia nini. Akilala mchana tunajua. Akiongea na marehemu tunamwacha aongee. Jumapili alikuja katekista, tukamwombea, tukaimba, yeye akalala.

Nimempa maji ya chumvi kwa kijiko. Vijiko ishirini na viwili amemeza, kisha akafunga mdomo. Gari liko tayari, tunakwenda hospitali, daktari ameshapigiwa simu. Pole, Mzee. Naona nimeisema mimi badala yako.

Bado nasema uje.

Sauda


Ndola, Alhamisi, 17 Julai 2025

Binti yangu Sauda,

Pole ni kweli nilisahau, nami naipokea ya kwako kwa aibu. Nilizoea kuuliza kwanza na kusikitika baadaye, na mara nyingi baadaye haikufika.

Akiwa kwenye dripu utakuwa na muda wa kufikiri, kwa hiyo nakuachia jambo moja. Tulikuwa na mzee hapa, fundi wa mitambo, mtu wa maneno machache. Fomu yake ilikuwa safi kuliko zote, na huku anasinyaa kila wiki. Dirishani pake kulikuwa na ua lililostawi kuliko bustani yoyote ya mji huu. Ilitupasa kulitazama lile ua mapema. Kikombe kilichotolewa na kikombe kilichonywewa ni vitu viwili, na fomu zetu zote duniani zinaandika cha kwanza. Usihesabu ulichompa. Rudi baada ya nusu saa, utazame kilichobaki, uandike tofauti.

Mzee hasikii kiu kama wewe. Kengele ya kiu ndani ya mwili wake imechakaa. Lakini mzee anayekataa maji huku akili ikiwa timamu, huyo mara nyingi ana sababu, tena ni sababu nzuri kwake. Akirudi, tafuta anakataa saa ngapi na mbele ya nani.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usitegemee jibu langu. Siku hizo sishindi nyumbani.

Wolfgang


Katesh, 24 Julai 2025

Mzee Wolfgang, shikamoo.

Amerudi. Dripu siku mbili, na daktari amempunguzia dawa yake ya presha inayokojoza. Siku ya pili alifungua macho, akanitazama kwa muda, akaniuliza kama mimi ndiye yule msichana wa Dongobesh mwenye mikono baridi. Nikasema ndiye. Akasema basi nivae soksi mikononi. Wodi nzima ilicheka. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi.

Niliporudi naye hapa nilifanya ulivyoniambia. Zamu ya asubuhi ni ya Zulfa. Anampa uji na chai ya maziwa, wanataniana, anakunywa hadi chini, anapelekwa chooni, anarudi. Kuanzia saa saba mchana hadi jioni ni zamu ya Renatus, aliyeletwa upande wa akina mama mwanzoni mwa mwezi huu. Na hapo ndipo maji yanapotea. Juzi saa kumi na moja nilipita nje, upande wa dirisha lililo kando ya kitanda chake. Chini ya dirisha kuna tuta la mboga, figiri, tulilolipanda wenyewe na kulisahau. Tuta zima limekauka kwa baridi na upepo, ila majani yaliyo chini ya dirisha la Bernadina ni mapana kama masikio ya punda. Nilisimama pale nikakumbuka ua lako.

Sasa hapa ndipo pananiumiza. Renatus ndiye mfanyakazi wetu bora. Hapigi kelele, hachoki, wazee wanaume wanamgombania. Nilimwita nikamwonyesha fomu yake. Vikombe vinne, vikombe vinne, vikombe vinne. Nikamuuliza kama alimwona Bernadina akinywa.

"Nampa, Dada Sauda."

Nikamwambia sikuuliza hilo. Akatazama sakafu.

"Naweka kikombe kwenye stuli, nageuka. Nikigeuka tena kimeisha. Mtu hawezi kumkodolea macho mama wa heshima kama yule akiwa anakunywa."

Nikamwambia heshima yake nusura ituzikie mtu. Nilisema mbele ya Zulfa, na sauti yangu haikuwa ndogo. Sista Justina anasema ameandika uongo kwenye fomu na anaandaa barua ya onyo. Onyo hilo litakuwa la pili, maana la kwanza alilipata mwezi wa tatu kwa kuchelewa. Onyo la pili hapa ni mlango.

Na dada yako tangu jana amepunguza tena. Jana mchana wote kikombe kimoja, nimepima. Nikimuuliza anasema ameshiba. Jana jioni ulimi ulikuwa umeanza kukauka.

Mzee, nimekusikiliza kila neno. Sasa nisikilize na mimi. Umri wako ni sabini. Ni kazi gani hiyo ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa isiyoweza kumsubiri mtu mmoja duniani aliyekubebea sanduku? Maji ninaweza kumpa mimi. Ndugu siwezi.

Nisamehe kwa ukali.

Sauda


Ndola, Jumamosi, 26 Julai 2025

Binti yangu Sauda,

Ukali wako umefika mahali pake na ninauacha hapo kwa sasa.

Mwombe Sista Justina aiweke ile barua ya onyo kwenye droo kwa siku mbili. Kisha mwite Renatus pembeni, peke yake, mbali na dirisha la dada yangu, umuulize swali moja: ameoa kwa nani?

Nitakueleza kwa nini. Nyumbani kwetu Endagikot, baba yangu akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, aliingia shambani kwa watu na kujifanya anakagua mahindi. Hata kama mahindi yenyewe yalikuwa yameshavunwa. Kula mbele yake hakuthubutu, wala yeye mbele ya baba. Baba aliweka kitu chini, akageuka, mama mkwe akakichukua. Stuli na mgongo wa Renatus nimeviona kabla hujazaliwa. Pengine nakosea, pengine ni kijana mwenye haya tu. Lakini kama ni mkwe, basi fikiri jambo hili: anayempa dada yangu maji mchana ndiye atakayemshika mkono kumpeleka chooni jioni. Miguu yake haimfikishi peke yake. Mama mkwe afanye nini? Atafunga mdomo tangu saa saba. Mimi ningefunga.

Hivyo Renatus hakuona alichokiandika, na hilo ni kosa. Lakini mtu anayedanganya anajua ukweli na anauficha. Yeye aligeuza uso ili asiujue. Kamrekebishe kwa kosa alilolifanya.

Aya inayofuata ni yako peke yako. Usimsomee Bernadina.

Mama yetu alifariki Septemba 1991. Bernadina ndiye aliyemuuguza, na ndiye aliyeniandikia. Barua ilichukua wiki tano kunifikia. Aliandika kwa upendo mwingi, hakuacha kitu: mama alikuwa analala mchana, anaongea na baba aliyekuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, midomo imepasuka, wakaona ni uchungu wa ujane, wakamwita katekista, wakakesha wakimwimbia. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya kazini, na kila mstari ulikuwa alama niliyokuwa nawafundisha wauguzi wadogo asubuhi ileile. Mama hakufa kwa uchungu. Kijiko kingetosha. Sikumwambia dada yangu, kwa sababu angejua kwamba alikaa wiki nzima kando ya kitanda akiimba huku mtungi wa maji uko mlangoni. Nimelibeba mwenyewe miaka thelathini na minne. Barua yako ya kwanza ilipofika, Sauda, nilidhani ni ileile imerudi. Ndiyo maana niliuliza mkojo na sikusema pole.

Wolfgang


Katesh, 2 Agosti 2025

Mzee Wolfgang, shikamoo sana.

Nilimchukua Renatus hadi kwenye banda la kuni, nikamuuliza. Aliokota kijiti akakimenya gome lote. Kisha akasema, "Eva. Wa Jorodom."

Eva ni mtoto wa shemeji yake Bernadina, marehemu. Aliachwa yatima akiwa na miaka saba, na Bernadina ndiye aliyemlea. Wazee wa Renatus walipotoka Hirbadaw kuja kuposa, walikaa kwenye sebule ya Bernadina, ile iliyokwenda na tope. Sasa Eva yuko Hirbadaw na watoto, na yale maziwa ambayo Renatus huyaleta kila Jumatatu tukidhani ni zawadi kwa wazee wote, Eva alikuwa anamtumia Bernadina.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza. Hapa tuna kanuni: mfanyakazi hahudumii ndugu yake, kuepusha upendeleo. Alikuwa ameshaajiriwa miezi miwili Bernadina alipohamishiwa kwetu kutoka kwa majirani waliomhifadhi. Aliogopa kazi. Na Bernadina naye, siku ile alipomwona ameshika trei, alimsalimu kama mgeni. Hawakuambiana neno. Mkwe akamlinda mama mkwe kwa kugeuka, mama mkwe akamlinda mkwe kwa kiu. Na sisi katikati tukiwaandikia vikombe sita.

Nilimwomba radhi kwa yale niliyosema mbele ya Zulfa, nikaomba radhi mbele ya Zulfa. Sista Justina alisikiliza yote, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Alisema kanuni ile aliiandika yeye mwenyewe na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu ya kuitii nusu. Barua ya onyo ameichana. Renatus amerudishwa upande wa wanaume, zamu ya mchana kwa akina mama ni ya Zulfa, na fomu mpya zina mstari wa kilichobaki kwenye kikombe. Nikaomba uongezwe na mwingine: nani anampeleka chooni, na je, anamkubali?

Mstari huo umetufungulia mengine. Mzee Gidabuday, mfugaji wetu wa Kibarbaigi, fomu yake nayo ilikuwa nzuri. Renatus alikwenda kukaa naye, safari hii akimtazama. Gidabuday akamwambia vikombe vyetu vya plastiki vinanuka sabuni, na kwamba yeye si nguo. Ameletewa kibuyu chake kutoka nyumbani, kile kilichofukizwa moshi. Jana alimaliza maziwa mgando ya kibuyu kizima akauliza kama hii ndiyo nyumba ileile. Saa kumi jioni sasa tunagawa uji mwepesi kwa wote, na machungwa yaliyomenywa, maana wapo wanaokataa kikombe lakini hawakatai chungwa.

Bernadina: mapigo 80. Ulimi umelowa. Mkojo rangi ya majani makavu, na unaendelea kufifia. Jumapili iliyopita Eva alikuja waziwazi na watoto wawili, akapiga magoti sakafuni na kumkumbatia miguu. Wakazungumza Kiiraqw saa nzima, sikuelewa, ila kila mara walinitazama mikono wakacheka.

Sasa ungamo. Mimi humsomea barua zako kwa sauti. Nilipofika kwenye aya ile niliiruka kwa ustadi, nilidhani. Akasema, "Sauti yako imeruka mtaro. Rudi." Nikasema hakuna kitu. Akasema yeye amelea watoto sita na anamjua mtu anayeruka mtaro. Nikamsomea. Nisamehe, Mzee. Akaomba maji, akanywa yote, kisha akaniambia nichukue karatasi.

Sauda


Katesh, 3 Agosti 2025
(Maneno ya Bernadina, ameyaandika Sauda)

Mdogo wangu Wolfgang,

Hujambo. Mimi sijambo, ninakunywa maji kama ng'ombe aliyefika mtoni, usiniandikie tena juu yake.

Habari ya mama naijua. Mwaka 1994 Isidori wangu alikuwa mchanga akaharisha. Nikampeleka kliniki, muuguzi akatukalisha akina mama kwenye benchi, akatufundisha maji ya chumvi na sukari na dalili za mtu aliyekaukiwa. Alizitaja moja moja. Alipofika kwenye kuongea na wasiokuwepo nilisimama nikatoka nje, watu wakadhani nimeshikwa na tumbo. Nilielewa pale pale, kwenye ukuta wa kliniki. Sikukuandikia. Nilisema Wolfgang ni muuguzi, akijua atasema ningekuwepo mimi mama angeishi, na hatalala tena. Kumbe hukulala. Tumefichana msiba mmoja, kila mtu na nusu yake. Haya, umekwisha. Uuweke chini sasa, mimi wangu nimeuweka jana.

Kuhusu Renatus, msimlaumu, na mimi msinifundishe. Tope lilichukua nyumba, likachukua mwanangu, likachukua ng'ombe wanne na kitanda nilichozalia. Nilipotolewa pale nilikuwa na kanga moja. Nikajiuliza nimebaki na nini cha kwangu. Nilibaki na heshima yangu kwa mume wa Eva. Nayo nikaishika. Kidogo initoe roho, hilo nakubali. Sauda ananiambia niandike kwamba sitarudia. Ameandika mwenyewe, mimi sijasema.

Ila nitakuuliza jambo, na unijibu kama ulivyoniuliza mambo yangu, bila haya. Sauda anadhani una kazi siku tatu kwa wiki. Yeye ni mtoto. Nani anamwajiri mzee asiye na meno? Barua yako ya kwanza ilisema Mulenga hasomi Kiswahili, kwa hiyo kuna kitu unachomficha hata Mulenga au unachotuficha sisi. Unaandika juu ya maji kama mtu mwenye njaa anavyozungumzia nyama. Mimi nilikubebea sanduku, najua uzito wako.

Niambie una nini. Na kama unakuja, niambie. Na kama huji, niambie pia, niache kutazama barabara.

Dada yako,
Bernadina


Ndola, Jumanne, 5 Agosti 2025

Dada yangu Bernadina, shikamoo.

Wewe ulizaliwa kabla yangu na bado unatangulia.

Figo zangu zimeacha kazi, ni mwaka wa tatu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Mulenga ananipeleka hospitali, nalazwa kwa muda wa saa nne kando ya mashine inayonisafishia damu. Kati ya siku hizo sikojoi, au ni kidogo tu, kwa hiyo ninachokunywa kinabaki ndani na kunielemea moyo. Nimepimiwa vikombe vitatu vidogo kwa siku, na mchuzi unahesabiwa humo, na chungwa linahesabiwa. Naamka ulimi umekauka, nanyonya kipande cha barafu, najiandikia kwenye daftari. Mulenga anayajua yote. Ni ninyi niliowaficha. Nilitaka muuguzi wa Katesh asikilize mzee mwenye akili, asimwonee huruma mgonjwa. Hukukosea juu ya njaa. Miaka ishirini na miwili niliwabembeleza watu wanywe, na sasa naota birika.

Mwambie Sauda asinitafutie orodha ya mashine zilizoko Arusha. Ninayo. Safari ni siku tatu za barabara, mwili wangu hauvuki siku ya tatu. Hata ungevuka, mke wangu amezikwa hapa na binti yangu yuko hapa. Na kuna jambo dogo zaidi ambalo nalisema kwako tu: Endagikot ninayoijua ina mama mlangoni na wewe barabarani na ukungu. Sijui njia ya kwenda kwenye hiyo nyingine.

Juu ya mama, nimekusikia. Nimeweka chini. Mikono yangu haijazoea, lakini nimeweka. Mwambie Sauda kwamba kuruka mtaro vibaya ndiyo kazi bora aliyoifanya mwezi huu. Na Renatus akija na maziwa, yeye ageuke kama kawaida, Zulfa atazame.

Nina ombi. Uji wenu unagawiwa saa kumi jioni. Saa kumi yako ni saa tisa yangu, maana jua linakufikia wewe kwanza. Kikombe changu cha tatu nilikuwa nakinywa usiku, nimekihamisha. Kila siku saa tisa nitakaa dirishani nikinywe polepole. Wewe chukua kikubwa, ukimalize, na cha pili ukinywe kwa niaba yangu, kwa sababu changu ni kidogo. Sauda atazame kilichobaki chini ya kikombe, akiandike kwenye fomu. Usimwagie figiri.

Umeniomba nijibu ili uache kutazama barabara. Nakujibu.

Sitarudi.

Mdogo wako,
Wolfgang